Nasaba na Hewa katika Mapafu ya Mtoto Njiti

Katika mwaka 1967 tabibu William Northway na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, walieleza habari za watoto njiti 32 waliotibiwa kwa mashine ya kupumulia na oksijeni nyingi, wakabainisha kwa picha za eksirei kwamba baadhi ya waliosalimika na dhiki ya pumzi ya siku za mwanzo walibaki na mapafu yenye makovu, na kwamba matibabu yale yale yaliyowaokoa yalikuwa na sehemu katika madhara hayo. Maradhi hayo wakayaita displasia ya bronkopulmonari.

Mtoto aliyezaliwa wiki ya 25 ya mimba hana bado vifuko vidogo vya hewa vilivyokamilika. Anavyo vijumba vichache, vipana, vyenye kuta nene, na ute unaozuia kuta hizo zisigandamane haujamtosha. Hivyo kazi ya kuyakuza mapafu, ambayo Mola aliikadiria ifanyike ndani ya maji, hulazimika kufanyika hewani, huku mashine ikiyasukuma mapafu, oksijeni ikiyaunguza, na pengine uambukizo ulioanzia katika chupa ya uzazi ukizidisha uvimbe. Siku hizi ute wa dawa na mashine za upole vimepunguza makovu ya zamani, na aghalabu kinachosalia ni mapafu yaliyosita kukua, yenye vifuko haba na mishipa michache ya damu.

Lakini hutokea katika wodi moja, kwa watoto wawili wa uzito mmoja, wanaotunzwa na muuguzi mmoja, huyu akavuliwa mpira wa oksijeni mapema, na mwenziwe akautegemea hata umri wake, ukihesabiwa tangu mimba, ukafika wiki ya 36, ambayo ndiyo mizani ya matabibu katika kuhukumu maradhi haya. Ndipo wataalamu, wakishuku nasaba, wakawageukia mapacha, wakaona wale wa yai moja hufanana katika maradhi haya kuliko wale wa mayai mawili. Uchunguzi wa Marekani wa 2006 ukakadiria kwamba asilimia 53 hivi ya tofauti baina ya watoto yatokana na urithi, na ule wa Kanada wa 2008 ukapandisha kadirio hilo likakaribia 80 kwa maradhi ya kiwango cha wastani na makali.

Hesabu hizo zataka hadhari. Hazisemi kwamba mtoto fulani ameandikiwa ugonjwa na damu ya wazazi wake, wala mama asijilaumu kwa ajili ya ugonjwa huo. Zasema tu kwamba pale matunzo yanapokaribiana, tofauti inayobaki yaelekea nasaba, na matunzo yakiachana sana, fungu la nasaba hupungua. Tena jeni yenyewe inayohusika imekuwa vigumu kuinasa: Wafaransa waliitaja moja, SPOCK2, mwaka 2011, ilhali uchunguzi wa Marekani wa 2013, uliopima watoto zaidi ya 1,700, haukuthibitisha hata moja. Mimi naona ni nyingi, kila moja na athari yake ndogo.

Hewa na dawa, kwa upande wao, zimo mikononi mwa watu. Mwaka 2006 ilidhihirika kwamba kafeini, ile ile iliyomo katika kahawa, ambayo njiti hupewa ili asisahau kupumua, inapunguza maradhi haya: waliyapata asilimia 36 ya waliopewa, na 47 ya wasiopewa, pasipo yeyote kuulizwa nasaba yake.