Kalamu na skrini ya mguso ya Nintendo DS

Nintendo DS ni kifaa cha mkononi cha kuchezea michezo ya video kilichotengenezwa na kampuni ya Nintendo ya nchini Japani na kuanza kuuzwa mwaka 2004. Kina skrini mbili, moja juu ya nyingine. Skrini ya chini ni ya mguso: mchezaji huigusa kwa kalamu ndogo ya plastiki isiyo na wino, ambayo pia huitwa stailasi. Hakikuwa kifaa cha kwanza cha michezo chenye skrini ya namna hiyo, lakini ndicho kilichowazoesha mamilioni ya watu kucheza kwa kuandika, kuchora na kugusa, miaka michache kabla ya simu janja kuenea.

Historia

Katika miaka ya 1990 kalamu za aina hii zilijulikana hasa kwa watu wa ofisini. Kompyuta ndogo za mkononi kama PalmPilot zilitumika kuandikia anwani, namba za simu na miadi. Mwaka 1997 kampuni ya Tiger Electronics ya Marekani ilitoa kifaa cha michezo kilichoitwa Game.com, chenye skrini ya mguso na kalamu. Hata hivyo skrini yake ilitambua maeneo machache makubwa tu, hivyo haikufaa kuchorea, na kifaa hicho hakikupata soko.

Nintendo DS ilianza kuuzwa Amerika Kaskazini tarehe 21 Novemba 2004, Japani tarehe 2 Desemba 2004, na Ulaya mwezi Machi 2005. Ilifuatiwa na DS Lite (2006), DSi (2008) na DSi XL (2009). Kwa jumla viliuzwa vifaa zaidi ya milioni 150 vya familia hiyo.

Jinsi skrini inavyofanya kazi

Skrini ya mguso ya Nintendo DS ni ya ukinzani, yaani hutambua mgandamizo. Ina matabaka mawili: la juu ni plastiki laini inayoweza kubonyea kidogo, na la chini ni gumu. Nyuso zake zinazotazamana zimepakwa utando mwembamba unaopitisha umeme na kuruhusu mwanga kupita. Katikati kuna vitone vidogo sana vinavyozuia matabaka hayo yasigusane.

Kalamu inapobonyeza, tabaka la juu hushuka na kugusa la chini mahali hapo tu. Kifaa hupitisha umeme kutoka ukingo mmoja wa tabaka hadi ukingo wa pili, kisha hupima volti katika sehemu iliyogusana. Volti ikiwa nusu, mguso uko katikati. Ikiwa robo, mguso uko robo ya njia. Kipimo hicho hufanywa kwa mlalo, halafu kwa wima, na majibu mawili hutoa nafasi ya nukta kama viwianishi vya x na y kwenye grafu. Kwa kuwa upimaji hurudiwa mara nyingi kwa sekunde, nukta zikiunganishwa hutokea mstari.

Kutokana na muundo huo, kitu chochote kinachobonyeza kinaweza kutumika, kiwe ukucha au kidole kilichovaa glavu. Lakini skrini hutambua nukta moja tu kwa wakati mmoja. Ikiguswa mahali pawili kwa pamoja, kifaa husoma nukta ya uongo iliyo kati ya miguso hiyo.

Kwa nini kalamu ilihitajika

Skrini hiyo ina pikseli 256 kwa mlalo na 192 kwa wima, katika upana wa sentimita 6 hivi. Kila milimita ina takriban pikseli 4. Ncha ya kidole yenye upana wa sentimita 1 hufunika pikseli kama 40 na kuficha kile mchezaji anachokilenga. Ncha ya kalamu hufunika chache tu, kwa hiyo mtu anaweza kuandika tarakimu au kugusa alama ndogo bila kukosea.

Kalamu hushikwa kama penseli, na mkono wa pili hushika kifaa. Michezo hutumia zaidi kugonga, kuburuta, kuchora na kusugua. Katika Nintendogs (2005) mchezaji humpapasa mbwa. Katika michezo ya mazoezi ya ubongo ya Dkt. Kawashima, kifaa hushikwa wima kama kitabu na majibu ya hesabu huandikwa kwa mkono. Anayetumia mkono wa kushoto anaweza kukigeuza. Katika The Legend of Zelda: Phantom Hourglass (2007) mchezaji huandika maelezo kwenye ramani ya bahari na kuchora njia ya chombo chake. Programu ya PictoChat iliwawezesha watu walio karibu kutumiana maandishi na michoro.

Udhaifu ulionekana katika michezo ya kasi. Mkono unaoshika kalamu huviacha vitufe vya upande wake, na mkono mmoja hubaki ukibeba kifaa na kubonyeza vitufe vilivyosalia.

Utunzaji

Tabaka la juu ni plastiki, hivyo hukwaruzika upesi. Kalamu ya wino, msumari au mchanga ulionaswa chini ya ncha huacha alama zisizofutika. Inashauriwa kufuta skrini kwa kitambaa laini na kubandika karatasi ya kinga. Mguso ukianza kusomeka pembeni ya mahali ulipofanyika, skrini husawazishwa upya katika menyu ya mipangilio kwa kugusa alama zinazoonyeshwa. Kalamu hurudishwa katika tundu lake baada ya kutumika; ile ya DS Lite ni ndefu na nene kuliko ya kwanza.

Mabadiliko ya baadaye

Nintendo 3DS (2011) iliendelea na skrini ya ukinzani na kalamu. Wakati huo simu zilikuwa zimehamia skrini za kapasita, ambazo hutambua athari ya kidole katika umeme wa skrini bila kubonyezwa, na husoma miguso kadhaa kwa pamoja. PlayStation Vita (2011) na Nintendo Switch (2017) zilifuata njia hiyo.

Kalamu ya plastiki ya DS haifanyi kazi kwenye skrini hizo, na kidole hakina ncha nyembamba. Kwa sababu hiyo michezo mingi ya DS ni vigumu kuihamishia kwenye vifaa vipya bila kubadilisha namna inavyochezwa. Ili kuicheza kama ilivyokusudiwa, kunahitajika kifaa chenyewe kilicho kizima: skrini isiyokwaruzika na kalamu isiyopotea.