Majini wa Alfu Lela Ulela waingia katika karata

Hadithi za Alfu Lela Ulela zilitufikia kutoka ng'ambo, lakini sasa ni zetu. Ni wachache miongoni mwetu wasiomjua Sindbad baharia, Ali Baba na mlango wake wa mwamba, au jini wa taa ya Aladini. Lakini wengi hawana habari kwamba hao wote wamepata makao mapya: wamo katika karata.

Sisemi karata hizi za shupaza na kopa zichezwazo barazani. Nasema mchezo uitwao Magic: The Gathering, uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Wachezaji wawili hujifanya mabingwa wa sihiri. Kila mmoja huanza na uhai 20 na karata 7 mkononi. Karata za ardhi humpa nguvu, na kwa nguvu hizo huwaita viumbe wampigie vita mwenzake. Tena kila mtu huja na fungu lake mwenyewe, lisilopungua karata 60, alilolikusanya kwa hiari yake.

Desemba ya mwaka ule ule wa 1993 ukatoka mkusanyiko wa kwanza wa nyongeza, Arabian Nights, wenye karata 78 za Alfu Lela Ulela. Karata za chapa ile ya kwanza zina bei ya kutisha, lakini nyingi zilipigwa chapa tena 1994 na 1995. Kwa hizo nimejiundia fungu langu.

Wengi huchagua karata kwa nguvu zake tu. Mimi nilijiwekea sharti jingine: karata isiyofanya kazi kama hadithi yake isiingie. Mtazame Sindbad. Ukimtuma, unavuta karata moja na kuionyesha. Ikiwa ni ardhi, ni yako. Ikiwa si ardhi, inatupwa. Ndivyo ilivyo safari ya baharia: ama aone nchi kavu, ama shehena iende na maji. Kwa ajili yake nimetia ardhi 26, ingawa wengi hutosheka na 24. Ali Baba ni dhaifu mno vitani, lakini kwa nguvu moja nyekundu huulaza ukuta wowote, na wenzake wakapita. Hapo hata mtoto hahitaji kuelezwa.

Walionivutia zaidi ni majini. Yupo Afriti wa Serendib, mwenye kuruka angani na kupiga kwa nguvu 3. Ili amalize uhai 20 wa adui anahitaji mapigo saba. Na kila zamu yangu inapoanza hunila mimi bwana wake uhai mmoja. Yupo na Jini Mijae, mwenye nguvu 6, ambaye kila akishambulia hurushiwa sarafu. Nikikosa, hurudi nyuma akakaa. Hata Mji wa Shaba, ardhi itoayo nguvu ya rangi yoyote, hunitoza uhai mmoja kila niutumiapo. Wazee wetu walisema zamani kwamba jini hakutumikii bure. Aliyebuni karata hizi aliielewa hadithi, si majina yake tu. Mara nyingi nashindwa na vijana wenye mafungu ya kisasa, lakini mchezo ukiisha huwa pana kisa cha kusimulia.

Ipo karata moja, hata hivyo, niliyoikataa, nayo ni King Suleiman. Kwa hoja ya hadithi hapana inayostahili zaidi, maana kazi yake ni kumwangamiza jini au afriti yeyote, na yule jini aliyevuliwa na mvuvi alikuwa amefungiwa chupani na Suleiman. Lakini kwetu sisi huyo ni Nabii Suleiman, alayhi salaam, si mtu wa ngano. Karata hiyo ina sura yake iliyochorwa, na chini yake tafsiri ya aya za Suratul Anbiyaa. Katika mchezo huu kiumbe akiuawa hutupwa kwenye lundo liitwalo makaburi. Sikuona vipi nitamchanganya Nabii pamoja na wezi wa Ali Baba, kisha nimtupe huko, na aya juu yake. Kwa hiyo mpinzani akija na majini wake, mimi sina wa kuwatiisha. Hasara hiyo naikubali.

Jambo la pili ni dau. Kanuni za 1993 ziliruhusu kila mchezaji kuweka karata moja rehani, na mshindi akazichukua zote mbili. Hiyo ni kamari, liitwe jina lolote. Katika Arabian Nights imo karata ya ndege wa vito, ambayo kazi yake ni kubadilishana na ile uliyoiweka dau. Baada ya 1995 kampuni haikutoa tena karata za namna hiyo. Fungu langu halina ndege huyo, wala siketi penye dau.

Na si sisi peke yetu tulioona kasoro. Juni 2020 kampuni yenyewe iliondoa karata saba mashindanoni kwa kuwa ziliwavunjia watu heshima. Mbili zilitoka katika mkusanyiko huu, na mojawapo iliitwa Jihad. Miaka 26 ilikuwa imepita tangu itolewe.

Wapo watakaosema mchezo wenye kutaja sihiri uachwe wote, na hoja yao naiheshimu. Kwa mzazi ambaye mwanawe ameshaupenda, nasema aketi naye wazimwage karata zote mkekani, wazisome moja moja. Ampe hadithi ya kila moja kama alivyoisikia kwa bibi yake, kisha wakubaliane ipi ikae na ipi itoke. Mtoto atajifunza hapo zaidi ya mchezo: ngano ni ngano, na dini ni dini.