Akishindwa mu kalasi, asipelekwe mu shimo

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, biletini zikitoka, siye wa sendika tunasikia neno lile lile mu makambi ya Likasi na mu vijiji vya wavuvi pembeni ya ziwa Tshangalele: « Huyu mutoto kichwa yake haishike kitu. Amerudilia mwaka mara tatu. Bora atafute feza. » Na kutafuta feza, kwetu kila mutu anajua maana yake. Ni kubeba magunia, kuosha mawe, kisha siku moja kushuka mu shimo.

Leo tunaongea na ba papa na ba mama juu ya hawa vijana wa miaka 12 mpaka 17. Hawakosi akili. Wamekosa masomo yanayowafaa.

Tuanze na kitu tunachokijua mu kazi. Mufanyakazi akiwa hawezi tena poste yake, kwa sababu ya mugongo, macho ao masikio, hatukubali kampuni imutupe inje. Tunaomba munganga amupime, tunaomba abadilishiwe poste, afundishwe kazi ingine. Tumepigania hiyo miaka mingi. Lakini mutoto wetu akishindwa poste yake ya mu kalasi, hakuna anayemupima, hakuna anayeomba poste ingine. Anafukuzwa, na mara ingine ni siye wazazi tunaomufukuza wa kwanza.

Tunamujua kijana mumoja wa upande wa ziwa, wa miaka 15. Mwalimu alisema ana kiburi, akiitwa hajibu. Kumbe tangu utoto masikio yake yalikuwa yanatoka usaha, na mu kalasi iliyojaa watoto alikuwa anakaa nyuma kabisa. Alikuwa hasikii. Mutu aliyetumika karibu na mashine ya kuvunja mawe anaelewa mara moja, kwa sababu yeye anapimwa masikio siku anapoingia kazini. Mutoto wake hajapimwa hata mara moja.

Sababu ziko nyingi, na haziko za uchawi wala za uvivu. Kuna asiyeona ubao. Kuna mwenye kifafa. Kuna mwenye akili nzuri, lakini herufi zinamuchanganya: mu mahesabu ya kinywa anashinda wote, ukimupa kitabu anatoka jasho. Kuna aliyekosa miaka miwili kwa kufuata wazazi mu makambi ya samaki. Na kuna asiyesikia Kifaransa: nyumbani ni Kiswahili na Kibemba, mu kalasi ni lugha ingine, na anaogopa kuuliza.

Tangu Septemba 2019 masomo ya musingi ya serikali ni bure. Ni jambo jema, watoto wengi walirudi. Lakini kalasi zilijaa kupita kiasi, na mwalimu mwenye watoto wengi vile hawezi kukaa na mumoja anayesoma polepole.

Kuna jambo lingine ambalo siye watu wa migodi hatuna haki ya kulificha. Ziwa Tshangalele lilitokea karibu mwaka 1930, wakati muto Lufira ulipofungwa na barazhi ya Mwadingusha. Maji ya viwanda vya Likasi yanashuka kwa muto Panda mpaka kule. Watafiti wa Université de Lubumbashi wamekuta metali mu samaki na mu majani ya bonde hilo. Mwaka 2020, jarida la The Lancet Planetary Health lilitoa utafiti uliofanywa Lubumbashi juu ya watoto waliozaliwa na vilema: hatari ilikuwa kubwa zaidi kama baba anafanya kazi ya migodi. Na risasi, ile metali nzito, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo chake kisichokuwa na hatari kwa ubongo wa mutoto. Hatusemi kila anayeshindwa kusoma amepata sumu. Tunasema hivi: kabla ya kumupiga mutoto, jiulize vumbi gani unaingiza mu nyumba. Acha nguo za kazi ku kazi, oga kabla ya kumubeba mudogo.

Sasa, hiyo poste ingine ya mutoto ni gani? Haiko ndoto. Sheria ya 11 Februari 2014 juu ya masomo ya taifa inatambua masomo maalumu, tena inaruhusu lugha zetu, Kiswahili na zingine, zitumike kufundishia. Sheria ya 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, pamoja na haki ya kusoma. Wizara ya Affaires sociales iko na Centres de rattrapage scolaire, ambamo mutoto aliyepitisha umri anasoma miaka 6 ya musingi kwa miaka 3. Lubumbashi, mapadri wa Don Bosco wako na Bakanja kwa watoto wa barabarani, na Cité des Jeunes ambamo vijana wanajifunza ufundi. Bukavu, kituo cha Heri Kwetu kinafundisha watoto wenye ulemavu.

Kufundisha vile ni ufundi wenyewe, unajifunzwa kama kulehemu kunavyojifunzwa. Jirani zetu wameelewa: Kenya iko na chuo cha walimu wa masomo maalumu, KISE, tangu 1986, na Tanzania iko na chuo cha Patandi, karibu na Arusha.

Kwa Tshangalele hatuombi jumba kubwa. Tunaomba kalasi moja ya watoto kumi na tano hivi, na mwalimu aliyetumwa kujifunza hiyo kazi. Asubuhi wasome, waanze na Kiswahili kisha Kifaransa. Kisha saa sita washike kazi ya mikono: kulehemu, umeme, kushona, kutengeneza moteri za mitumbwi, kukausha samaki vizuri. Kijana anayechukia mahesabu mu kitabu atayapenda siku atakapopima chuma ili kisikatwe vibaya.

Feza itatoka wapi? Code minier iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema wazi. Kampuni inayochimba inatoa asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya watu wanaokaa karibu na mugodi. Tena asilimia 15 ya redevance minière inaenda kwa mji, komine, sekta ao sheferi ambamo mugodi uko. Na kila kampuni inasaini cahier des charges na wakaaji. Njo pale tunapaswa kuongea. Mara nyingi wakubwa wanaomba barabara, kisima, jengo lenye rangi nzuri la kupigia picha. Ni vizuri. Lakini jengo bila mwalimu anayejua kazi yake halimusaidii yule anayekaa nyuma.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, tufanye mambo matatu. La kwanza, kabla ya kukubali mutoto atoke masomo, mupeleke ku hospitali apimwe macho na masikio. La pili, nenda kuongea na mwalimu, wewe papa pia, hiyo kazi usiiachie mama peke yake. Uliza: anaweza nini? Usiulize tu anashindwa nini. La tatu, wandike majina ya vijana wote walioacha masomo mu kambi ao mu kijiji chako, umri wao na sababu, na uipe delege wako. Bila liste, mu mukutano watatuambia shida haiko.

Sheria ya 10 Januari 2009 inakataza mutoto kufanya kazi mbaya kabisa, na shimo ni moja yao. Lakini sheria peke yake haimutoe mutoto mu shimo. Atatoka kama kuko mahali pengine pa kwenda asubuhi, na mutu anayemungojea pale akijua jina lake. Siku ya kuongea cahier des charges, hiyo kalasi iandikwe ku mustari wa kwanza.