Mzinga wa Kenya wawagawa wafugaji nyuki Uganda

MBUYA, Kampala – Mfanyabiashara anayetoka Malaba kwa Barabara ya Jinja hukiona kilima cha Mbuya upande wa kushoto anapokaribia Nakawa. Asali inayoliwa kilimani hapo hutoka mbali, ikiwemo ya West Nile, na mnunuzi makini huuliza kwanza ilivunwa katika mzinga gani.

Swali hilo linawagawa wafugaji wenyewe. Wengi bado wanategemea mizinga ya magogo na ya kusuka. Wengine wamechukua mzinga wa viunzi vya juu, maarufu kama mzinga wa Kenya, uliotengenezwa nchini humo miaka ya 1970 kwa ushirikiano na wataalamu wa Kanada.

Mzinga huo ni sanduku lenye pande zilizoinama. Juu yake hupangwa vipande vya mbao vyenye upana wa milimita 32, na kila kipande hubeba sega lake. Mfugaji huinua kimoja kimoja, akakata asali iliyoiva na kuyaacha masega yenye majana. Kwa kuwa huning'inizwa usawa wa kiuno, wanawake nao huvuna bila kupanda mti usiku.

Mbona basi wengine wanaukwepa? Sababu ya kwanza ni fedha. Gogo hupatikana shambani, lakini sanduku linahitaji mbao, misumari na fundi. Fundi akikosea upana wa vipande, nyuki huunganisha masega mawili na mzinga haufunguki tena bila kuvunja kila kitu. Mbao mbichi nazo hupinda na kuacha nyufa.

Ya pili ni nyuki wenyewe. Wafugaji wengi husema kundi huingia upesi katika gogo kuukuu lenye harufu ya nta, huku sanduku jipya likikaa tupu msimu mzima. Dawa yake inajulikana: kupaka nta kwenye vipande kabla ya kutundika. Ila aliyepewa mizinga ya msaada bila mafunzo hulijua hilo akiwa tayari amekata tamaa.

Ya tatu inamhusu mfanyabiashara moja kwa moja. Asali safi ikinunuliwa kwa bei ile ile ya asali yenye moshi, majivu na majana, mfugaji haoni faida ya kugharimia sanduku. Anayelipa zaidi kwa asali safi ndiye anayemshawishi mfugaji kubadilika.

Tena kuna nta. Sega la mzinga wa Kenya hukatwa lote, tofauti na mzinga wa fremu ambao masega yake hukamuliwa na kurudishwa. Asali hupungua kidogo kwa sababu nyuki hujenga upya, lakini nta huongezeka, nayo haiharibiki njiani.

Kwa anayevusha mzigo Busia, Malaba au Mutukula, kiwango cha Afrika Mashariki cha asali ni EAS 36, na maji yasizidi asilimia 20. Masega yaliyofunikwa na nyuki ndiyo yaliyoiva. Yasiyofunikwa huchachusha dumu zima. Bidhaa za Jumuiya zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani.

Kabla ya kujaza madumu, basi, mwombe mfugaji akufungulie mzinga mmoja. Sega litakueleza mengi kuliko dumu.