Ua Uliochipua

Kupanda umuvumu hakuhitaji mbegu wala kitalu. Unakata tawi nene kama mkono wa mtu mzima, utomvu mweupe unakuchuruzikia vidoleni, unalichomeka ardhini mvua zikikaribia, basi. Umuvumu ndivyo Warundi wanavyouita mti huu wa jamii ya mkuyu, na Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, Tanzania, ni ndugu wa tumbo moja na Kirundi. Magome yake yaliwahi kuwavisha watu. Lakini sifa yake kubwa ni ukaidi: nguzo ya ua iliyokatwa kwake haikubali kufa. Inachipua, na ua unageuka safu ya miti.

Ng'ambo ya mpaka, Burundi, makazi ya wafalme wa kale yanatambulika hivyo hivyo. Nyumba za nyasi zilishaoza zamani, uzio ukawa kichaka kirefu.

Buha, nchi ya Waha, ilikuwa na falme sita: Heru ya Kasulu, Muhambwe ya Kibondo, Buyungu, Ruguru, Bushingo na Bujiji. Mwami, yaani mfalme, alikuwa na ng'ombe na watu. Ardhi ilikuwa na wenyewe: abateko, wazee wa koo za wenyeji, walioamua mipaka na kuzungumza na mizimu ya mahali, ile inayokaa kwenye miti mikubwa, chemchemi na miamba. Mwami mwenye akili hakugombana nao.

Si Buha tu ambako mti umebeba mambo ya watu: Wairoquois wa Amerika Kaskazini, mataifa matano yaliyoungana (Watuscarora wakawa wa sita mwaka 1722), waliufanya msonobari mweupe kuwa alama ya shirikisho lao: mizizi minne kuelekea pande nne za dunia, silaha zimezikwa chini, tai kileleni akilinda. Mti huo wanautembeza katika maneno ya baraza. Wa Buha, umuvumu, umebaki shambani, na kazi yake ni ushahidi wa nani aliishi wapi.

Na ushahidi umehitajika. Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa machifu, baada ya Heru kuongozwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Miaka ya 1970 zikaja operesheni za kuwahamishia watu vijijini. Waha, waliozoea kukaa mbalimbali vilimani, kila mji na migomba yake, wakashushwa barabarani. Nyumba zikabomolewa. Miti, nani angeihamisha?

Mzee akikupeleka kukuonyesha kwao, hakuonyeshi msingi wa nyumba, maana haupo. Anasimama katikati ya mahame, ananyoosha fimbo kwenye miti mitatu minne iliyojipanga mstari, kisha anaonyesha pengo kati ya miwili: hapo ndipo ng'ombe walipokuwa wakiingilia.