Laptopu yenye kinga ya diski: namna ya kuifungua bila kupoteza kazi yako

Baada ya kipindi chetu cha vifaa vya umeme, tulipokea ujumbe kutoka kwa msikilizaji ambaye ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Laptopu ya kikundi, ThinkPad ya mtumba, imeanza kupata joto na feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Anataka kuifungua atoe vumbi. Ndani yake kuna hesabu zote za wanachama, na hazipo mahali pengine popote. Aliyemuuzia alimwambia asiwe na wasiwasi, kwa kuwa laptopu hiyo ina kinga ya diski: hata ikianguka, kazi yako haipotei. Swali lake ni hili: je, kinga hiyo itamlinda akiwa anaifungua?

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo lililotufanya tuandike makala hii, maana laptopu za aina hiyo ni nyingi mikononi mwa watu, na maneno ya wauzaji huwa matamu kuliko kifaa chenyewe.

Kinga hiyo ni kitu gani

Laptopu nyingi za zamani hutunza kazi yako kwenye hadi diski. Ndani ya kiboksi hicho cha chuma kuna sahani ngumu inayong'aa kama kioo, na sahani hiyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, nyingine mara 7,200. Juu yake hupita kichwa kidogo cha kusoma na kuandika. Hakigusi sahani. Huelea juu ya upepo unaotokana na mzunguko, na nafasi iliyopo kati yao ni ndogo kiasi kwamba unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara maelfu. Laptopu ikigongwa wakati sahani inazunguka, kichwa kinaweza kuikwaruza, na palipokwaruzwa hapasomeki tena.

Mwaka 2003 kampuni ya IBM ilianza kuweka kihisi cha mwendo kwenye baadhi ya ThinkPad. Wenyewe waliifananisha kazi yake na ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye gari linapopata ajali. Kihisi hukaa kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita madabodi, na hupima jinsi laptopu inavyoinama na kutikisika. Kikihisi kwamba inaanguka, vichwa huamriwa kuondoka juu ya sehemu yenye kazi yako na kwenda kuegeshwa pembeni. Apple walileta kinga ya namna hiyo mwaka 2005, nao HP waliita ya kwao DriveGuard. Kuna pia diski ambazo zina kihisi chao wenyewe ndani.

Sasa fanya hesabu kidogo. Kitu kikianguka kutoka kwenye meza ya kawaida, yenye urefu wa sentimita 75, hufika chini kwa muda wa karibu sekunde sifuri nukta nne. Muda huo kwetu ni kufumba na kufumbua, lakini kihisi huweza kuutumia. Laptopu ikidondoka sentimita tano tu, kwa mfano umeinua upande mmoja halafu ukaponyoka, muda ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo kinga inaweza kuchelewa. Kwa hiyo pigo dogo la karibu si lazima liwe na nafuu kuliko anguko refu, jambo ambalo wengi hulishangaa.

Lipo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Kwenye ThinkPad hizo, kihisi peke yake hakitoshi. Kinahitaji programu inayofanya kazi ndani ya Windows ili amri ya kuegesha vichwa itoke. Laptopu ya mtumba ikifika kwetu mara nyingi imeshafutwa na kuwekewa Windows upya, na anayeiweka hakumbuki programu hiyo. Kihisi kipo, lakini hakuna anayemsikiliza. Kama unayo ThinkPad, tafuta programu ya Active Protection System. Ikiwepo na ikiwa imewashwa, utaona picha ya laptopu inayoinama pale unapoinamisha ya kwako taratibu. Kwa HP zenye DriveGuard, taa ndogo ya diski hugeuka rangi ya machungwa vichwa vinapoegeshwa. Usipoona dalili yoyote, ihesabu laptopu yako kuwa haina kinga.

Ukiizima, kinga nayo imelala

Unapofungua laptopu umeme umetoka, kwa hiyo kihisi hakifanyi kazi kabisa. Habari njema ni kwamba diski iliyozimwa sawasawa huegesha vichwa vyake yenyewe, na ikiwa hivyo huvumilia mtikisiko mkubwa zaidi kuliko inapozunguka. Hatari iko kwenye maneno hayo mawili: iliyozimwa sawasawa.

Wengi wetu hufunga mfuniko tu. Laptopu hapo haijazimika, imelala. Mbaya zaidi, sekunde za kwanza baada ya kufunga mfuniko bado diski inaweza kuwa inaandika, na ndiyo sekunde zilezile mtu anaitupia kwenye begi na kupanda bodaboda. Subiri taa ya diski itulie.

Kuna mtego mwingine kwenye Windows 8 na 10. Ukiizima kwa njia ya kawaida, mara nyingi haifungi kila kitu. Huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Ukiitoa diski hiyo na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, mafaili yanaweza kuvurugika. Ili kuizima kabisa, shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuzima.

Kabla ya yote hayo, nakili kazi yako. Nunua flashi, au azima, kisha hamisha hesabu za kikundi na uzifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka. Ukiwa huna pa kunakili, acha laptopu inavyonguruma mpaka upate. Vumbi linaweza kusubiri wiki moja, lakini daftari la wanachama likipotea ni ugomvi wa mwaka mzima.

Meza, mikono na skrubu

Tafuta meza ya mbao isiyoyumba, yenye mwanga wa mchana, mbali na watoto na kuku. Tandika kitambaa cha pamba. Blanketi la nailoni usilitumie, hasa kiangazi, kwa sababu huzalisha ule umeme unaokuchoma kidoleni ukigusa chuma. Umeme huo unaweza kuua sehemu ndogo za laptopu bila wewe kuhisi chochote. Kila baada ya muda gusa chuma kitupu kisichopakwa rangi, kama nondo ya dirisha. Bomba la plastiki halisaidii kitu.

Chomoa chaja. Toa betri. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hadi kumi na tano ili umeme uliobaki uishe. Baadhi ya ThinkPad za karibuni, kama T440 na zilizofuata, zina betri nyingine ya ndani ambayo huioni. Kwa hizo, kabla ya kufungua, iwashe na ubonyeze F1 mara tu inapoanza. Nenda sehemu ya Config, kisha Power, na uchague mstari ulioandikwa Disable Built-in Battery. Itajizima. Utakapochomeka chaja baadaye, betri hiyo itarudi yenyewe.

Ukikuta betri imevimba, usiibonyeze, usiitoboe, na usiichokonoe kwa bisibisi. Kama inatoka kwa urahisi, itoe na kuiweka nje, juu ya mchanga, mbali na nyumba na kitu chochote kinachoshika moto. Ikiwa imekwama, simama hapo na umtafute fundi.

Kuhusu skrubu, chora umbo la laptopu kwenye karatasi na uchome kila skrubu mahali pake kwenye mchoro. Piga picha kwa simu kila hatua. Skrubu za laptopu hazilingani urefu, na ile ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hutoboa plastiki ya juu au hugusa ubao. Naongea kwa uzoefu: laptopu yangu ya kwanza ilikuwa na kinundu karibu na kibodi mpaka nilipoiuza, na mtu wa kulaumiwa ni mimi.

Diski itoke kwanza

Watu wengi huanza na kibodi. Mimi nasema anza na diski, ukiweza, ili kila nguvu utakayotumia baadaye isiifikie.

Tuchukue ThinkPad T420, maana ni miongoni mwa zilizo rahisi kufungua. Diski yake iko ubavuni upande wa kulia. Geuza laptopu, fungua skrubu moja inayoshika kifuniko cha diski, toa kifuniko, kisha vuta utepe uliopo uitoe diski taratibu kwa kuinyoosha. Utaona imevalishwa mipira pande zote mbili. Mipira hiyo si mapambo. Nayo ni kinga, na haihitaji umeme wala programu kufanya kazi.

Ukishaitoa, ishike pembeni, usibonyeze bapa lake. Ilaze kwenye kitambaa katikati ya meza, si ukingoni. Diski iliyo peke yake haina laptopu ya kuipunguzia pigo, na ikidondoka hata sentimita chache kwenye sakafu ya saruji inaweza kuumia. Na usifungue skrubu zilizo juu ya diski yenyewe, kwa sababu yoyote ile. Chembe ya vumbi unayoiona ikielea kwenye mwanga wa jua ni mlima kwa kile kichwa tulichokieleza.

Baada ya hapo kibodi. Chini ya laptopu tafuta skrubu zenye alama ya kibodi pembeni yake na uzifungue. Igeuze, fungua kioo, isukume kibodi kidogo kuelekea kwenye kioo mpaka ukingo wake wa mbele uchomoke. Usiivute juu kwa pupa. Chini yake kuna waya unaoiunganisha na ubao, na waya huo ndio wengi hukata. Kwenye laptopu nyingine waya ni utepe bapa ulioshikwa na kikomeo kidogo cha plastiki, na kikomeo huinuliwa kwa ukucha kwanza ndipo utepe utoke bila kulazimishwa. Ukiona kitu kinakataa, iko skrubu uliyoisahau.

Feni ikishaonekana, ishikilie kwa kidole isizunguke na upulize vumbi au ulitoe kwa brashi laini iliyo kavu. Vumbi zito zaidi huwa limeganda kama blanketi kati ya feni na vile vyuma vyembamba vya kupoozea, kwa hiyo angalia hapo. Usipulize kwa mdomo, utamwaga mate. Kama si lazima, usiinue chuma kinachokaa juu ya prosesa. Ukikiinua, ile dawa nyeupe au ya kijivu iliyo kati yao lazima ifutwe na kupakwa mpya, la sivyo joto litazidi lile ulilokuwa unalikimbia.

Kurudisha, na kusikiliza

Rudisha kwa kufuata picha zako kinyumenyume. Diski ivae mipira yake na skrubu yake ikaze. Tumeona laptopu zinazotoka kwa mafundi diski ikicheza ndani kama mbegu kwenye kibuyu, mipira imebaki mezani kwa fundi. Hapo hakuna kihisi kitakachosaidia barabara ikiwa mbovu. Kabla hujalipa, itikise laptopu polepole ikiwa imezimwa na usikilize.

Ukiiwasha mara ya kwanza, tega sikio upande wa diski. Mvumo mwembamba ni wa kawaida. Ukisikia ka-ka-ka inayojirudia, au sauti ya kukwaruza, izime papo hapo. Usiiwashe tena na tena ukijaribu bahati, kwani kila mzunguko unaweza kuongeza mkwaruzo.

Kwa katibu wetu kuna njia nyingine pia. Akipata uwezo, abadilishe hadi diski hiyo kwa SSD. SSD haina sahani wala kichwa cha kuelea, hivyo mtikisiko wa bodaboda hauitishi kwa namna hiyo na programu ya kinga haitakuwa na kazi tena. SSD nayo huharibika siku moja, mara nyingine bila sauti wala onyo, kwa hiyo ile flashi yenye hesabu za wanachama iendelee kujazwa, na ikae nyumba tofauti na inapolala laptopu. Akinunua SSD nyembamba kuliko diski ya zamani, aulize na mipira inayoienea.