Mama Anaposomea Ualimu

Si ajabu siku hizi kumkuta katika chuo cha ualimu mama wa watoto watatu ameketi karibu na binti aliyemaliza sekondari juzi tu. Wote wawili wamepewa ratiba ileile na tarehe ileile ya kukusanya kazi. Kengele ya chuo haiulizi nani ameacha mtoto ana homa nyumbani. Sisi tuliosomea ualimu tukiwa tayari wake wa watu tungependa kuzungumza na akina mama wenzetu wanaoifikiria safari hiyo.

Wengi hudhani kusomea ualimu ni kujifunza kushika chaki. Sivyo. Mwanachuo husoma masomo atakayofundisha, kisha mbinu za kufundisha kila somo, kisha saikolojia, falsafa ya elimu na upimaji. Ongeza majaribio, kazi za vikundi, zamu za usafi na michezo.

Hata hivyo, hayo yote ni madogo ukilinganisha na mazoezi ya kufundisha. Hapo unapelekwa shuleni kwa wiki kadhaa, na kila kipindi kinadai andalio lake la somo: lengo, zana, hatua na muda wa kila hatua. Vipindi vinne kesho ni maandalio manne usiku wa leo. Madaftari ya darasa la watoto 70 nayo yanangoja kalamu nyekundu. Mkufunzi aweza kuingia wakati wowote, akaketi nyuma na karatasi yake ya alama, na wewe usiku kucha ulikuwa unambembeleza mtoto anayeota meno.

Tulichoona kinasaidia ni hiki: pata mapema muhtasari na vitabu vya darasa utakalofundisha, uandike azimio la kazi la wiki zote kabla ya kuripoti shuleni. Azimio likiwa tayari, andalio halikusumbui sana. Andika ya siku tatu Jumamosi, sehemu ya tathmini uiache wazi mpaka somo limalizike. Zana nazo, usitengeneze mpya kila siku. Uso wa saa uliokatwa kwenye boksi, wenye mishale inayozunguka, utafundisha kusoma saa leo, nusu na robo wiki ijayo, na pembe mraba baadaye, maana saa tatu kamili mishale inaifanya yenyewe. Vifuniko vya soda waokote watoto wako. Watafurahi kumsaidia mama.

Nyumbani je? Kuna baba anayekubali kwa mdomo huku akidhani mambo ya jikoni yataendelea kama zamani. Kabla ya kulipa ada, kaeni mzungumze kwa kutaja mambo yenyewe: nani atampeleka mtoto kliniki, nani atahudhuria kikao cha wazazi, msichana wa kazi atalipwa kutoka fungu gani. Mama mkwe naye aelezwe kwa heshima, tena na mwanawe mwenyewe, kabla hajasikia kwa majirani na kuuliza kama mkewe ameolewa au ni mwanafunzi. (Akina baba mnaosoma ukurasa huu kwa kuibia, hapo panawahusu.) Kwaya na vikao vya akina mama tuliviomba ruhusa kwa muda, na hakuna aliyetukatalia.

Jambo moja tunalisema bila kuzunguka. Mtoto mchanga anahitaji maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, na kuendelea kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Kama chuo ni cha bweni na kipo mbali, kwa maoni yetu ni afadhali kungoja mwaka mmoja. Chuo kitakuwepo.

Wala sisi si wa kwanza kusoma huku tukibeba mengine. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilipotaka kila mtoto aingie shule, vijana wengi waliandaliwa kuwa walimu huku wakifundisha vijijini kwao. Kwa wenye sifa za kusoma shahada, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimewawezesha akina mama kusoma bila kuhama nyumba. Lakini kusoma nyumbani kuna taabu yake: hakuna anayeamini kwamba unafanya kazi, na wageni huja saa yoyote.

Kwa walio vyuoni, ulizeni mapema kuhusu shule za mazoezi. Vyuo vingine humsikiliza mama mwenye mtoto mdogo akiomba shule iliyo karibu na nyumbani. Barua iandikwe wiki nyingi kabla, majina yakiwa bado hayajabandikwa ubaoni. Yakishabandikwa, kumhamisha mtu mmoja ni kuvuruga safari za wakufunzi wote.